Nywele si ngumu, zina kiu

Wahenga walitwambia kuwa ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Katika madarasa yetu ya Kiswahili methali hii hufundishwa kama onyo: likimfika jirani, jiandae, kwani zamu yako i njiani. Ni nadra mwalimu kutua na kuwauliza wanafunzi swali jepesi kuliko yote, yaani, kwa nini maji? Mbona wahenga hawakusema zako tia mafuta, au zako zifunge kilemba? Jibu analijua yeyote aliyewahi kuketi mbele ya kinyozi wa kijijini. Nywele zilizolowa hulegea, na wembe hupita pasi na kukwaruza. Ndani ya methali tunayoikariri kwa ajili ya mtihani mna somo la maumbile: kinachozilainisha nywele zetu ni maji.

Nimeanza na methali kwa kuwa mimi ni mwanaisimu, na kazi ya mwanaisimu ni kuyapekua maneno. Hata hivyo, shabaha yangu leo ni vichwa vya watoto wetu, hasa wasichana wa shule za Garsen, Tarasaa, Ngao na kwingineko katika bonde la Tana. Kila mwaka kaskazi inapovuma hushuhudia nywele zao zikikauka, zikikatika na kujaa mba, kisha huambiwa kwamba kosa ni la nywele zenyewe. Huambiwa kuwa wana nywele ngumu. Wengine huambiwa, bila haya, kuwa wana nywele mbaya.

Hebu tuyapime maneno haya. Kivumishi -gumu hutaja sifa ya kudumu. Jiwe ni gumu leo, litakuwa gumu kesho, na hapana mtu anayelitafutia dawa. Kivumishi -kavu ni cha ukoo mwingine. Kina uhusiano na kitenzi kauka, nacho hueleza hali inayokuja na kuondoka: nguo hukauka, kisima hukauka, koo hukauka. Kilichokauka kilikuwa na maji, na chaweza kurudishiwa maji. Tunapomwambia mtoto kuwa nywele zake ni ngumu, tunampa hukumu. Tunapomwambia kuwa ni kavu, tunampa kazi ya kufanya.

Kiswahili kina neno singa kwa nywele nyoofu na laini, na kina neno kipilipili kwa nywele zilizojisokota mfano wa punje za pilipili manga. Kwa mizani ya isimu haya ni maelezo ya umbo tu, kama vile kusema duara na pembetatu. Walimwengu, hata hivyo, hawakuyaacha hivyo. Waliyapanga juu na chini, singa likawa sifa na kipilipili likawa kejeli. Wala jambo hili halikuwa la mwambao peke yake. Huko Afrika Kusini, chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao, maofisa walifikia hadi ya kuchomeka penseli katika nywele za mtu. Ikianguka, alikuwa na tumaini la kuhesabiwa Mzungu. Ikinasa, alihesabiwa vingine, na mahali pa kuishi, shule na kazi vikafuata hesabu hiyo. Asiyeamini kuwa neno na unywele vyaweza kumpangia mtu maisha yake, na asome historia hiyo.

Tuje sasa kwenye maumbile yenyewe. Unywele mmoja ukitazamwa kwa hadubini huonekana umefunikwa magamba membamba yaliyopangwa kama vigae vya paa. Chini ya magamba hayo mna protini iitwayo keratini, nayo keratini hupenda maji. Mwaka 1783 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, aliandika juu ya kipimaunyevu alichokiunda kwa unywele wa binadamu. Unywele uliosafishwa hurefuka hewa inapokuwa na unyevu, na hufupika hewa inapokauka. Ukifungwa kwenye akrabu, huisogeza mbele na nyuma. Wanafunzi wangu hufurahi wanapogundua kwamba Ferdinand de Saussure, yule tunayemwita mwasisi wa isimu ya kisasa, alikuwa kitukuu wa bwana huyo. Kumbe unywele na isimu vina undugu wa damu!

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa kila unywele hupenda maji, mbona zetu hukauka upesi kuliko za singa? Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteremka hadi nchani kama maji ya mvua kwenye bati. Kwenye unywele uliojisokota hukwama karibu na shina, na ncha hubaki bila kinga. Fauka ya hayo, kila mahali unywele unapojikunja ni mahali dhaifu; magamba huinuka, maji hupotea, na ukivutwa kwa kitana hukatika papo hapo. Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba nywele zake hazikui, ilhali zinakua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, au pungufu kidogo. Zinakua shinani na kukatika nchani kwa kasi ile ile.

Tabia ya nchi nayo ina mkono wake. Katika bonde la Tana ya chini kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, na jua huwa kali; kadiri unavyouacha mwambao kuelekea Hola na Bura ndivyo hewa inavyozidi kuwa kavu. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huwa chepesi kwetu, lakini vijana wetu walio katika shule za bweni za nyanda za juu, kama vile Limuru na Nyahururu, hukutana na baridi halisi. Huko maji ya alfajiri huuma vidole, na mwanafunzi huona afadhali afunge kichwa kwa kofia ya sufu wiki nzima kuliko kuzilowesha nywele. Sufu hunyonya kile kidogo kilichobaki na kuzisugua ncha hadi zikatike.

Wale wanaovuka bahari hupata taabu iliyo kubwa zaidi. Nilipokuwa masomoni Bayreuth, Ujerumani, niliona akina dada wa Kiafrika wakishangaa nywele zao kukauka katika nchi ya theluji, mahali ambapo maji yametanda hadi mlangoni. Sababu yake ni hesabu ya fizikia ambayo mwalimu yeyote wa sekondari aweza kuifundisha. Hewa ya nyuzi sifuri sentigredi haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa hiyo hiyo ikiingia nyumbani na kupashwa moto hadi nyuzi 20, ina nafasi ya gramu 17. Hakuna aliyeiongezea maji, kwa hiyo imejaa chini ya thuluthi moja, nayo hutafuta maji popote yalipo: kwenye midomo, kwenye ngozi na kwenye nywele. Chumba chenye joto wakati wa baridi kali ni jangwa dogo. Mkazi wa Ulaya na mkazi wa Bura wana adui mmoja, ila amevaa nguo tofauti.

Tiba yake tunayo tangu jadi, isipokuwa tumeipindua kichwa chini miguu juu. Siku moja nilipoalikwa kuzungumza katika shule moja ya upili jirani na Garsen, msichana wa kidato cha pili alinyosha mkono.

"Samahani, Mwalimu," akasema, "mimi hupaka mafuta asubuhi na jioni, na nywele bado ni ngumu. Nifanyeje?"

"Na maji je, mwanangu?"

Darasa zima likacheka. "Maji hapana, Mwalimu. Nikitia maji zinarudi."

Neno hilo, zinarudi, linastahili kuangaliwa. Nguo mpya ikifuliwa, ikapungua urefu, husemwa kuwa imerudi. Nywele zilizovutwa kwa kitana na joto nazo, zikipata maji, hujikunja na kuonekana fupi. Msichana huyu alikuwa ameona kweli kwa macho yake, akaiogopa. Unywele unaorudi haujaharibika. Umerejea kwenye umbo lake, na wakati huo wa kulowa ndio wakati hasa unapochanika kwa urahisi bila kukatika. Sisi tumewafundisha watoto kukimbia dakika ile ile ambayo nywele zao zimekuwa laini.

Kuhusu mafuta, sharti tuseme wazi kuwa mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuyazuia maji yasitoroke. Mafuta ni kifuniko cha mtungi, na kufunika mtungi mtupu hakumwondolei mtu kiu. Anayepaka mafuta ya mgando juu ya nywele zilizokauka huufungia nje unyevu anaoutafuta, akabaki na mng'aro wa juu, vumbi likimganda, na ukavu wa ndani pale pale. Utaratibu ni maji kwanza, mafuta baadaye, kisha kusuka.

Kuhusu aina ya mafuta, bibi zetu hawakuwa wajinga. Bibi yangu alikuna nazi kwa mbuzi, akakamua tui, akalichemsha kwa moto wa polepole hadi likakatika na mafuta yakajitenga juu, akayachuja na kuyatia chupani. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Aarti Rele na R. B. Mohile, walichapisha matokeo yao baada ya kuyalinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini. Katika matatu hayo ni mafuta ya nazi pekee yaliyopunguza kwa kiasi kikubwa upotevu wa protini ya unywele, kwa kuwa chembe zake ni ndogo na hupenya ndani. Ni haki msomaji ajue kuwa watafiti hao waliajiriwa na kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hata hivyo maelezo yao ya kikemia yamekubalika kwa wengi. Katika jamii za Waoromo, ambao Waorma wa Tana ni tawi lao, siagi ya ng'ombe imetumika kwa nywele tangu kale. Huko Chad wanawake huchanganya mafuta na unga uitwao chebe, wakaupaka kwenye nywele zilizosukwa. Mkulima wa mnazi, mfugaji wa ng'ombe na mkazi wa ukingo wa Sahara wamefikia jibu moja bila kushauriana. Jibu la namna hiyo halifai kupuuzwa.

Badala yake tumekimbilia dawa za kunyosha. Nyingi kati ya hizo hutegemea magadi makali ya viwandani, ambayo huvunja viungo vya keratini ili unywele usijikunje tena. Nywele hunyoka, naam, lakini huwa zimedhoofika, na ngozi ya kichwa huweza kuungua. Mwezi wa Oktoba 2022 taasisi za taifa za afya za Marekani zilitoa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa takriban miaka 11. Kwa wasiotumia dawa za kunyosha, uwezekano wa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 ulikadiriwa kuwa asilimia 1.64, kwa waliozitumia mara kwa mara, yaani zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia utafiti, ulikuwa asilimia 4.05. Uhusiano si sawa na sababu, na saratani hiyo si ya kawaida sana. Hata hivyo, mzazi anayempeleka binti wa miaka kumi kwa msusi akatiwe dawa anapaswa kuzijua tarakimu hizi kabla ya kulipa.

Sisemi kuwa tupige marufuku. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU huko Tanzania ulitangaza vita dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kuchubua ngozi, na vijana wakawa wakiwakamata akina dada barabarani. Heshima ya mwili wa Mwafrika haiwezi kujengwa kwa kumdhalilisha mwenye mwili huo. Mwanamke mzima na aamue mwenyewe. Ninachodai ni kwamba aamue akijua kuwa nywele zake za asili zinaweza kulainika, badala ya kukimbia kasoro ambayo haikuwapo.

Hapo ndipo shule inapoingia. Shule nyingi nchini huwataka wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wanyoe au wakate nywele ziwe fupi kabisa. Wakuu wa shule wana hoja zao, nazo si za kubeza. Chawa na mapunye huenea bwenini kama moto wa nyika. Kusuka huchukua saa ambazo zingeenda masomoni, na huwatenga wenye fedha na wasio nazo. Zaidi ya yote, kuna maji. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na msichana wa Tana aliyetembea kutwa kutafuta dumu moja la maji hakuwa na la kuoshea nywele. Mwishoni mwa 2023 mafuriko yakaja, barabara ya Garissa kwenda Garsen ikakatika, maji yakawa kila mahali yakiwa na matope. Mto ulio mrefu kuliko yote nchini, kiasi cha kilomita 1,000, unapita mlangoni petu, na bado maji safi ni bidhaa adimu. Katika hali kama hiyo nywele fupi ni busara.

Tatizo langu liko kwenye sababu inayotolewa. Mwalimu akisema, "Tunakata kwa kuwa maji ni haba," mtoto huelewa, na nywele zake hazijatukanwa. Akisema, "Kata hayo matimutimu yako, nywele gani hizo," mtoto hutoka hapo na fundisho lisilo katika silabasi yoyote, nalo atalibeba hadi atakapokuwa na fedha za kununulia dawa. Isitoshe, sheria yetu imeanza kulizungumza jambo hili. Mwezi wa Septemba 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba shule moja ilikosea ilipomfukuza msichana wa imani ya Rastafari kwa sababu ya nywele zake za kusokota. Uamuzi huo ulihusu dini, haukuhusu urembo. Lakini umetukumbusha kuwa kichwa cha mwanafunzi hakikuacha haki zake langoni mwa shule.

Basi nina mambo matatu ya kuwaomba walimu wenzangu. La kwanza ni la lugha: neno ngumu na litoke vinywani mwetu tunapozungumzia nywele, na mahali pake tuweke neno kavu. La pili ni la masomo: mwalimu wa sayansi aunde kipimaunyevu cha de Saussure kwa unywele, kijiti na kipande cha karatasi, akiache darasani tangu Januari hadi masika yaanze, wanafunzi waandike kila siku akrabu ilipofika. Kaskazi wataiona kwa macho, na hakuna atakayemwambia mwenziwe tena kuwa amelaaniwa nywele.

La tatu ni la vitendo, nalo linahitaji maji machache kuliko watu wadhaniavyo. Kwa nywele fupi, kikombe kimoja cha maji safi jioni mara mbili au tatu kwa juma kinatosha kuzilowesha. Maji ya mto na yaachwe yatulie kwanza. Maji ya visima vyenye chumvi, tunavyovijua vyema katika delta, yaepukwe kwa kazi hii, maana huziacha nywele zikiwa kavu kuliko mwanzo. Ya mvua ndiyo bora, tukiweza kuyakinga. Kabla nywele hazijakauka, tone la mafuta ya nazi lipakwe viganjani na kupitishwa kichwani hadi nchani. Wenye nywele ndefu wazigawe mafungu manne, wachane kwa vidole au kitana chenye meno mapana, wakianzia nchani kurudi shinani, kisha wasuke bila kukaza, kwa kuwa msuko unaovuta ngozi hung'oa nywele za panja hata zisirudi. Usiku zifunikwe kwa kitambaa laini. Walio kwenye baridi ya nyanda za juu au ya ng'ambo na watie kitambaa hicho hicho ndani ya kofia ya sufu, wasikaushe nywele jirani na jiko, na wawe na subira, kwani tofauti huonekana baada ya wiki kadhaa.

Haya si mambo ya anasa. Mtoto anayekaa darasani akijikuna kichwa na kuona aibu hasikilizi vyema, na aliyefundishwa kuuchukia mwili wake atafundishwa kwa taabu kuipenda lugha yake na mto wake. Kaskazi ijayo iko njiani. Mwalimu wa zamu Jumamosi na atenge nusu saa na ndoo moja ya maji ya mvua, awaite wasichana na wavulana uani, na waanze.